Maiti na Mzoga: Uteuzi wa Maneno Katika Habari za Sokwe wa Gombe

Maandishi juu ya sokwe wa Gombe, katika Mkoa wa Kigoma, yamekuwa mengi tangu Jane Goodall alipowasili huko tarehe 14 Julai 1960, wakati nchi ingali ikiitwa Tanganyika. Wataalamu wa elimu ya viumbe wameyapima maandishi hayo kwa mizani ya elimu yao, wakayasifu na kuyakosoa kwa kadiri ya haki. Walakini jambo moja halikupewa uzito lilioustahili, nalo ni lugha yenyewe. Kila aandikaye habari za sokwe hulazimika kuamua, sentensi kwa sentensi, kama amhesabu mnyama huyu kuwa kitu, au mnyama miongoni mwa wanyama, au kiumbe akaaye karibu na mtu. Uamuzi huo haufanywi katika utangulizi wa kitabu, ambako mwandishi hutangaza imani yake. Hufanywa katika viwakilishi, katika vitenzi na katika majina, mahali ambapo mwandishi aghalabu hajui kuwa anaamua.

Lugha hazikubaliani juu ya mahali pa kuuweka mpaka kati ya mtu na mnyama. Kiingereza kimeuweka mahali pamoja, Kiswahili kimeuweka pengine. Kwa hiyo mfasiri achukuaye maneno ya Gombe kutoka Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili neno kwa neno hawezi kuwa mwaminifu, hata akiwa hodari, maana atauvuka mpaka asipotaka na kuuacha alipotaka kuuvuka. Yafaa jambo hili lichunguzwe kwa mifano, kwa kuanza na jina la mnyama mwenyewe.

Katika hadithi za kale za pwani sokwe hana mahali pa kujulikana. Kima yumo, na kisa chake na papa chajulikana kotekote. Nyani yumo katika methali, haoni kundule ila la mwenziwe. Ngedere na komba wamo pia. Sababu ni ya kijiografia. Sokwe haishi katika misitu ya pwani. Katika Tanzania makao yake ni upande wa magharibi, karibu na Ziwa Tanganyika. Yaelekea basi kwamba jina lake liliingia katika Kiswahili kwa njia ya misafara iliyokwenda Ujiji na Manyema. David Livingstone, alipokuwa Manyema mnamo 1870, aliandika habari ndefu za mnyama aliyeitwa soko, akaeleza jinsi alivyowindwa, na jinsi wenyeji walivyomsifu kuwa ni kama mtu na tena hana ubaya. Maandishi hayo yalitolewa katika The Last Journals mwaka 1874, na wengi waliochunguza maelezo yake wamekubali kwamba soko wa Livingstone ndiye sokwe wa leo.

Hapana budi kutaja jambo la ajabu kidogo mintarafu ya jina la Kiingereza. Neno chimpanzee, lililoonekana katika maandishi ya Kiingereza mwaka 1738, si la Kizungu kwa asili. Latoka katika lugha za Kibantu za upande wa magharibi, karibu na mdomo wa mto Kongo, na silabi yake ya kwanza ni kiambishi kilicho ndugu ya ki- ya Kiswahili. Waandishi wanaosema "chimpanzi" kwa kudhani kuwa wametumia neno la kitaalamu kuliko sokwe wameazima kwa Waingereza kitu ambacho Waingereza walikiazima kwa Wabantu. Hapana kosa katika kuazima. Lakini hapana pia utaalamu uliozidi.

Jina la pili, sokwe mtu, lahitaji uangalifu zaidi. Wako wanaolichukia kwa sababu, wasemavyo, lamfanya mnyama kuwa mtu. Na wako wanaolipenda kwa sababu iyo hiyo. Pande zote mbili hazikutazama sarufi. Katika maneno ya namna hii ya Kiswahili, jina la kwanza ndilo kichwa na la pili ndilo sifa. Mbwa mwitu ni mbwa, si mwitu. Bata mzinga ni bata, si mzinga. Vivyo hivyo sokwe mtu ni sokwe, wa aina ile inayofanana na mtu, atofautishwe na gorila ambaye naye pengine huitwa sokwe. Ushahidi wake ni wingi. Watu husema "sokwe mtu wengi", pengine "masokwe mtu", lakini si kawaida kusikia "sokwe watu". Lau neno mtu lingekuwa na nguvu yake kamili mahali hapo, lingedai wingi wake. Limeganda likawa alama tu. Basi jina hili halisemi lile linaloshitakiwa kulisema, na ugomvi juu yake wapasa kwisha.

Kutoka katika jina, mambo yahamia kwenye sarufi. Katika Through a Window, kilichotolewa mwaka 1990, Goodall ameeleza jinsi makala yake ya kwanza ya kitaalamu ilivyorudishwa na mhariri, kila mahali alipomtaja sokwe kwa kiwakilishi cha mtu wa kike au wa kiume pamefutwa na kutiwa kiwakilishi cha kitu. Yeye aliyarudisha maneno yake, na mwishowe yakachapishwa kama alivyotaka. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kuwa ni ushindi mkubwa, na katika Kiingereza ni ushindi kweli, kwa kuwa lugha hiyo imeuweka mpaka wake katika kiwakilishi: huku yuko nani, kule kiko nini.

Msomaji wa Kiswahili hukisoma kisa hicho kwa mshangao. Hakuna mhariri wa Kiswahili awezaye kumkataza mtu kuandika "sokwe aliyekuja". Hiyo ndiyo sarufi. "Sokwe iliyokuja" ni kosa la mwanafunzi mgeni. Kwa sababu hiyo wako waliodai kwamba Kiswahili kilikuwa na hekima tangu zamani, ya kuwaheshimu wanyama kuliko Wazungu walivyowaheshimu. Dai hilo lapendeza masikioni, lakini halisimami. Upatanisho wa a- na wa- hupewa kila kiumbe chenye uhai wa mnyama bila kuchagua. Mbu aliyeuma, siafu waliopanda kitandani, kunguni waliojificha, wote hupewa heshima ile ile ya sarufi apewayo mfalme. Heshima itolewayo kwa wote kwa lazima haiwi heshima, wala haiwezi kumtenga sokwe na siafu. Aliloligombania Goodall kwa Kiingereza, Kiswahili hutoa bure. Na kwa kuwa hutolewa bure, halina thamani ile.

Lipo na pengo la upande wa pili. Kiwakilishi cha Kiingereza hutaja jinsia, na katika habari za Gombe jinsia ndiyo nusu ya kisa, maana maisha ya jike mwenye mtoto na maisha ya dume agombeaye ukubwa si mamoja. Kiswahili husema "alimfuata, akampiga, akamkimbilia", na msomaji asiyejua kwamba Flo ni jike na Goliath ni dume hupotea njia baada ya mistari mitatu. Mwandishi wa Kiswahili hulazimika kurudia majina mara nyingi kuliko mwenziwe wa Kiingereza. Si aibu kufanya hivyo. Ni desturi ya lugha, na mfasiri aionaye haya ya kurudia ndiye atakayeharibu kazi.

Basi mpaka wa Kiswahili u wapi, ikiwa haumo katika upatanisho? Umo katika msamiati, hasa msamiati wa kuzaliwa na kufa. Mnyama hufa; mtu hufa, lakini pia hufariki, na hakuna ng'ombe aliyefariki. Mnyama huzaa, mtu huzaa, lakini pia hujifungua. Mwili wa mtu aliyekufa ni maiti. Wa mnyama ni mzoga, na amwitaye mtu mzoga amemtukana yeye na jamaa zake. Mnyama ana jike na dume. Watu ni wanawake na wanaume, na amwambiaye mwanamke jike amemdharau, ingawa mwanamume aitwaye dume huweza kucheka na kuona amesifiwa. Katika maneno haya ndimo Kiswahili humwuliza mwandishi wa Gombe swali ambalo Kiingereza humwuliza katika viwakilishi.

Ubora wa kipimo hiki huonekana katika kisa cha Flo na mwanawe Flint. Flo, jike aliyejulikana kuliko wote wa Gombe, alikufa mwaka 1972, na gazeti la Sunday Times la London lilichapisha tanzia yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mnyama wa mwituni. Flint, aliyekuwa na umri upatao miaka minane na nusu, na ambaye hakuwa amejitenga na mamake kama ilivyowapasa wa rika lake, alikaa kinyonge, akakataa chakula, na majuma yasiyozidi manne yalipopita akafa naye. Goodall amelieleza jambo hili kuwa ni huzuni, na wakosoaji wake wamesema kwamba ameitia huzuni mahali ambapo palionekana udhaifu na maradhi tu.

Kiswahili kina neno kihoro, lililo kali kuliko huzuni: ni ule mshituko wa kufiwa unaomwangusha mtu, hata pengine watu wakasema kwamba fulani amekufa kwa kihoro. Mfasiri atavutwa sana kuandika kwamba Flo alifariki, maiti yake ikakutwa kando ya kijito, na Flint akafa kwa kihoro. Sentensi hiyo ni nzuri, na ni ya hatari. Kwa kuyatumia maneno matatu ya watu mfululizo, mwandishi amelimaliza swali kabla halijaulizwa. Msomaji hana nafasi tena ya kupima. Kwa upande mwingine, aandikaye kwamba mzoga wa jike ulikutwa kijitoni na ndama wake akafa baadaye amelimaliza swali vilevile, kwa upande wa pili, na kwa ukatili zaidi, maana ametupa nje yale yaliyoonekana kwa macho: mtoto aliyerudi mahali mamake alipofia na kukaa.

Iko hatari ya tatu, ambayo ni ya Kiswahili peke yake. Katika hadithi za Kiswahili wanyama wote husema na kutenda kama watu. Sungura ni Bwana Sungura, kobe ni Mzee Kobe, na kila mmoja ana hila zake na funzo lake mwishoni. Fasihi hiyo ni tajiri, lakini imewazoeza wasomaji kusikia sauti fulani. Pindi mwandishi asemapo "Bi Flo alifariki", sikio la msomaji halimpeleki Gombe. Lampeleka jikoni kwa bibi, penye ngano. Atacheka, au atangoja funzo. Goodall alipowapa sokwe majina, David Greybeard, Goliath, Flo, Fifi, Figan, alitaka waonekane kuwa viumbe mmoja mmoja, kila mmoja na tabia yake, wala si idadi. Katika Kiingereza cha elimu ya wakati ule jambo hilo lilikuwa geni, likawa na nguvu ya ugeni. Katika Kiswahili mnyama mwenye jina na heshima si mgeni hata kidogo. Ni mzee wa ngano. Hivyo chombo kilekile kilichomleta sokwe karibu na msomaji wa Kiingereza chaweza kumpeleka mbali na msomaji wa Kiswahili.

Huko Mahale, kusini ya Gombe, ambako Toshisada Nishida na wenziwe kutoka Japani walianza kazi mwaka 1965, sokwe nao walipewa majina, lakini mengi yalikuwa na sauti ya kienyeji: Kasonta, Sobongo, Kamemanfu, Ntologi. Majina hayo hayana vazi la ngano wala la Biblia. Msomaji wa Kiswahili huyapokea kama majina ya watu wa bara asiowajua, na kwa hiyo husubiri kuambiwa habari zao. Huenda majina hayo yafaa zaidi kwa maandishi ya Kiswahili kuliko Goliath, ambaye kila msomaji amekwisha kumjua kabla hajakifungua kitabu.

Kichwa cha kitabu kilichoipa Gombe jina duniani, In the Shadow of Man, kilichotolewa mwaka 1971, ni mfano mwingine wa neno lisilovuka mto bila kulowa. Maana yake katika Kiingereza ni kwamba sokwe amefunikwa na ukubwa wa mtu, kwa akili zake, kwa silaha zake, na kwa mashamba yake. Kivuli hicho ni cha kutisha. Lakini katika nchi ya jua kali kivuli ni neema. Watu hupanda mti ili wapate kivuli, mgeni hukaribishwa kivulini, na aishiye katika kivuli cha mkubwa yu salama. Mfasiri atakayeandika "Katika Kivuli cha Mtu" atamwambia msomaji kwamba sokwe yuko chini ya ulinzi wa mtu, kinyume cha aliloliwaza mwandishi.

Hata hivyo kosa hilo lingekuwa na ukweli ndani yake. Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale mwaka 1985; bila ulinzi huo ni vigumu kuamini kwamba misitu hiyo ingesimama wakati mashamba yalipofika mpakani. Lakini ulinzi huohuo ulileta ukaribu, na ukaribu ulileta madhara. Sokwe walivutwa kambini kwa ndizi tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na ugomvi uliotokea penye ndizi ulimlazimu Goodall mwenyewe kubadili mpango. Mwaka 1966 maradhi ya kupooza, polio, yaliwapata sokwe. Watafiti waliwapa chanjo ndani ya ndizi, na mzee mmoja, McGregor, aliyepooza miguu, akauawa kwa risasi ili aondolewe mateso. Kivuli cha mtu kilikuwa vyote viwili, baridi na giza. Kiswahili, kwa neno lake moja, chaweza kuyasema yote mawili pamoja, mradi mwandishi ajue kwamba anayasema.

Neno vita nalo limeleta mashaka. Kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwashambulia mmoja mmoja wenzao waliokuwa wamejitenga upande wa kusini na kuitwa kundi la Kahama, hata kundi hilo likatoweka. Shambulio la kwanza, lililomwangukia dume aitwaye Godi mnamo Januari 1974, lilishuhudiwa na Hilali Matama, mmoja wa watumishi Watanzania wa kituo cha utafiti. Katika Kiingereza mfululizo huo uliitwa vita, na ubishi ukazuka. Margaret Power, katika kitabu chake cha 1991, alidai kwamba ukali wa Gombe ulikuwa tunda la ndizi za watafiti, si tabia ya sokwe. Mwaka 2014 kundi kubwa la wataalamu lilitoa katika jarida la Nature hesabu ya jamii 18 za sokwe na nne za bonobo, wakakusanya habari za mauaji 152 yaliyoonekana au kudhaniwa, wakahitimu kwamba kuingiliwa na watu hakuwezi kueleza tofauti za mauaji hayo baina ya jamii na jamii.

Wataalamu wa viumbe watauendesha ubishi huo wenyewe. Mtazamaji wa lugha aona jambo jingine: kwamba neno lilitangulia hoja. Vita, kwa Kiswahili, si mapigano tu. Vita hutangazwa, hupangwa, huwa na upande na sababu, na mwisho wake ni mapatano au utumwa. Aitaye vita yaliyotokea Kahama ameleta pamoja na neno mizigo yote hiyo. Lugha ina maneno mengine yaliyo mepesi na ya haki zaidi: ugomvi ni mdogo mno, lakini mashambulio yatosha, na kuangamizwa kwa kundi ni kweli isiyohitaji pambo. Msomaji akiyapewa maneno hayo, ataamua mwenyewe kama jambo hili lafanana na vita vya watu. Akipewa neno vita tangu kichwa cha habari, hana la kuamua.

Lakini mtihani mkubwa kuliko yote ni ule wa Mei 2002. Frodo, mwana wa Fifi na mjukuu wa Flo, aliyezaliwa mwaka 1976, na ambaye wasomaji wa ulimwengu mzima walimjua tangu utoto wake, alimnyakua mtoto wa miezi 14 kutoka kwa jamaa zake waliokuwa wakipita ndani ya hifadhi, akamuua kama auavyo windo. Madume wa Gombe huwinda mbega wekundu, na Frodo alikuwa mwindaji hodari kuliko wengi. Hakuuawa kwa ajili ya jambo hilo. Aliishi hata mwaka 2013.

Hapa maneno yote yaliyotangulia hudai malipo yake. Aliyezoea kumwita Frodo kwa jina, kumpa mama, nyanya, tabia na wasifu, amwite nini siku hiyo? Akimwita muuaji, amempa hatia, na hatia hupewa mtu, basi amshitaki. Akisema kwamba mnyama alifuata silika yake, amerudisha nyuma kwa siku moja yote aliyoyajenga kwa miaka 40, na wasomaji wana haki ya kuuliza kwa nini silika haikutajwa siku ya kufa kwa Flint. Maandishi mengi yalipita katikati kwa maneno laini, yakasema tukio, yakasema msiba. Maneno hayo si uongo. Walakini yanaficha kwamba mpango wa maneno uliochaguliwa mwanzoni haukuwa na nafasi ya siku kama hiyo.

Iko na hesabu nyingine, nzito zaidi. Frodo alikuwa na wasifu. Mtoto yule alijulikana kwa wasomaji siku ya kufa kwake tu. Si kwamba jina lake na la wazazi wake yangepaswa kutangazwa, maana waliofiwa wana haki ya kuachwa na msiba wao. Ila yafaa ionekane kwamba fasihi iliyotumia nusu karne kuwafanya sokwe wa Gombe wawe watu katika macho ya wasomaji haikutumia kiasi hicho cha wino kwa watu waliokaa kando yao, waliopita njia zilezile, waliovua dagaa katika ziwa lilelile. Mapungufu hayo hayapunguzi thamani ya kazi ya Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025 baada ya kuwatetea sokwe kwa miaka zaidi ya 60, na ambaye taasisi yake tangu 1994 imefanya kazi na vijiji vya Kigoma katika upandaji wa miti na matumizi ya ardhi. Yanaonyesha tu kwamba kalamu ina upande wake, hata mkono ukiwa mwema.

Jambo la mwisho lahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Waliachiliwa baadaye, lakini wageni hawakuweza kuendelea kukaa kituoni kama zamani, na kazi ya kuwafuata sokwe kutwa kucha ikabaki mikononi mwa watumishi Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani. Watu hao waliandika waliyoyaona kwa Kiswahili, mwaka baada ya mwaka. Maandishi yao yalifasiriwa, yakageuzwa kuwa hesabu, yakapelekwa kuhifadhiwa katika vyuo vikuu vya Marekani, na juu yake zikajengwa makala nyingi za Kiingereza. Yaani, sehemu kubwa ya elimu ambayo dunia huisoma kwa Kiingereza iliandikwa kwanza kwa Kiswahili.

Hata sasa maandishi hayo yamethaminiwa kwa habari zake, si kwa lugha yake. Ni hasara. Ni nadra kupatikana katika Kiswahili nathari ya kutazama, iliyoandikwa na watu wengi, juu ya jambo moja, kwa muda mrefu hivyo, bila kusudi la kufurahisha wala kufundisha. Waandishi wake walikuwa mbele ya swali hilihili la maiti na mzoga kila siku ya kazi, wakiwa na saa mkononi na mvua mgongoni, wala hawakuwa na mhariri wa kuwafutia. Maneno waliyoyachagua ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kinavyojipanga chenyewe mbele ya mnyama aliye karibu kupita kiasi. Ushahidi huo wastahili kusomwa na wanalugha kwa Kiswahili chake, kabla karatasi hazijawa majedwali tu.

Nao wataokwenda kuufasiri mkusanyo wa vitabu vya Gombe wana njia iliyo wazi zaidi kuliko idhaniwavyo. Kati ya msamiati wa watu na msamiati wa wanyama, Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya wote wawili. Kufa ni la wote. Kuzaa ni la wote. Mama, mtoto, mwili, njaa, hofu, kukumbatia, kulia, kukosa, kutafuta, yote hutumika pande zote mbili bila kutukana wala kutania. Si kwa bahati kwamba mtoto wa sokwe hakupewa jina lake peke yake, kama ndama wa ng'ombe au kinda la ndege. Ameitwa mtoto tu. Mwandishi awezaye kusema kwamba Flo alikufa, mwili wake ulikutwa kando ya kijito, na mtoto wake alikaa hapo akakosa kula hata akafa, amesema yote yaliyoonekana, wala hakuiba hata neno moja kutoka upande wowote. Na siku ya Mei 2002 akisema kwamba Frodo alimkamata mtoto akamuua, sentensi yake itasimama papo hapo iliposimama ile ya kwanza, kwa kipimo kilekile.

Wengine wataona kwamba maneno hayo ni ya kawaida mno kwa jambo kubwa hivi. Tangu mwaka 2005, urithi wa mwili wa sokwe ulipochapishwa na kulinganishwa na wa mtu, imejulikana kwamba herufi zilizolingana na kupimwa zinatofautiana kwa kiasi cha 1.2 tu katika kila 100. Elimu imekwisha kusema jinsi alivyo karibu. Kazi ya lugha ni kuupima ukaribu huo bila kuuongeza na bila kuupunguza. Na kwa kazi hiyo maneno ya wote wawili yatosha.